Uzi: Mnapotuambia "tunawaombea", huwa mnaomba nini hasa?

#1 Mama Tumaini (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nawasalimu kutoka Pemba, upande wa Wete. Maneno yangu ni mengi, mnivumilie, maana jambo hili ninalo moyoni tangu likizo ya Juni.

Mimi na mume wangu huu ni mwaka wa saba tuko huku. Yeye ni mwinjilisti, mimi nashona. Kanisa lililotutuma liko kusini mwa bara, nchi ya korosho, jina lake sitalitaja. Kila miezi mitatu huingia kitu kidogo kwenye simu na ujumbe ule ule: "Tunawaombea." Nami hujibu: "Amina, nasi tunawaombea." Miaka saba tunaandikiana hivyo.

Juni tulikwenda nyumbani. Jumapili alasiri nikaambiwa nikawasalimu akina mama kwenye kikundi chao cha maombi. Nilikaa nyuma, mkekani, wakaanza kuomba. Walipofika Pemba wote wakasimama. Waliomba kwa nguvu karibu nusu saa: ngome zibomoke, wachawi wakauke, madhabahu za giza ziteketee, kisiwa kitetemeke. Mimi nimeinamisha kichwa, lakini machoni namwona jirani yangu, nimwite Bi Mkubwa, amekaa barazani anasuka ukili. Mama huyu hunipa futari ya muhogo wa nazi Ramadhani nzima bila kuruka siku, nami huwashonea wajukuu zake nguo za skuli. Kisiwa kikitetemeka, Bi Mkubwa akae wapi?

Sikusema neno. Wale ni mama zangu, na jasho lao lilikuwa la kweli.

Tulipotoka, bibi mmoja alinishika mkono akaniomba nipite kwake kunywa uji. Ni mjane, mkorosho wake haufiki hata nusu ekari, na macho yana ukungu. Alinyanyua mto kitandani akatoa kaunta buku limefungwa kwenye kipande cha kanga. Ndani amechorewa mistari mitatu na mjukuu wake wa darasa la sita: tarehe, haja, jibu. Nikaona mwandiko wa yule mtoto: "Mume wa mama wa Pemba, kifua." Kwenye jibu: "Amepona, mama alisema kwenye simu." Mstari mwingine: "Jirani yake mwenye mguu." Na hapo chini: "Kisima cha Pemba, maji ya chumvi." Kwenye jibu hapakuwa na kitu.

Akaniuliza, "Mwanangu, maji yalikuja?"

Wapendwa, maji yalikuja. Bomba lilivutwa mpaka mtaani kwetu mwaka jana mwezi wa pili. Tulicheza, tuliimba, nikapiga picha nikaweka kwenye simu. Sikumwambia yule bibi. Kilio cha kisima nilimpelekea mimi mwenyewe, tena kwa machozi, na shukrani nikakaa nayo. Akaendelea kuomba kisima kila usiku kwa mwaka mmoja na miezi minne, na maji tayari yako bombani.

Nilishindwa kunywa ule uji.

Sasa ndiyo nauliza, na kwa watu wa pande zote mbili. Ninyi mnaotuma watu, mnaposema mnatuombea mnaomba nini? Na sisi tuliotumwa, huwa tunawaambia nini cha kuombea? Naanza kuamini kwamba kuombea misheni ni kazi ya watu wawili, na mmoja wao akinyamaza, mwenzake anaomba gizani.

#2 Mpendwa wa Kiembesamaki

Amina mama. Hapo kwenye jibu tupu nimelia. Nafuatilia.

#3 Mwana wa Mkunazini

Shikamoo Mama Tumaini. Mimi nimewatembeza wageni pale Kanisa Kuu la Mkunazini kwa miaka mingi. Wanapenda kuuliza msalaba uliochongwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa mmisionari Livingstone, na zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Habari ya maombi haiulizwi, nami huwa natafuta upenyo wa kuisema.

Hiyo habari unayoisema wewe, ya kupelekeana neno, ndiyo iliyobeba kazi ya hapa tangu mwanzo. UMCA, ile Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati iliyojenga kanisa hilo, ilizaliwa baada ya Livingstone kuzungumza Cambridge, Uingereza, mwaka 1857. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, aliishia kule mto Shire Januari 1862 kwa homa, baada ya mtumbwi kupinduka na dawa zote kuzama. Hata mwaka mmoja kazini hakuumaliza. Aliyemfuata, Tozer, akahamishia misheni Unguja 1864, akiwa na Edward Steere. Kwa hesabu za kibinadamu ile kazi ilikuwa ya kufungwa. Iliendelea kwa sababu kule Uingereza kulikuwa na watu, wengi wao wa mitaa ya kawaida kabisa, waliokuwa wakisoma barua kutoka huku na kuomba kwa majina. Tangu 1883 walikuwa na gazeti lao la kila mwezi, limejaa habari za vituo vyao vya huku: Mbweni, Kiungani, Magila na Masasi. Mtu hajawahi kuiona bahari ya Hindi, lakini anajua mwalimu wa Mbweni ana homa.

Kuna jambo jingine. Desemba 1872 Kanisa la Uingereza lilitenga siku nzima ya kuombea misheni, maana watu wa kwenda walikuwa hawapatikani. Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba na soko la watumwa likafungwa. Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa hilo la Mkunazini likawekwa pale pale sokoni. Mimi sisimami mbele ya wageni nikasema ile siku ya maombi ndiyo iliyofunga soko. Kulikuwa na balozi John Kirk, kulikuwa na tishio la manowari za Kiingereza, hayo yako wazi. Lakini nikiwa mwamini nazitazama hizo tarehe na siwezi kuzipita haraka.

Na hili huwa nawaambia wageni mwishoni, tukiwa tumekaa. Livingstone alikutwa amekufa Mei 1873 akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Mmisionari Krapf naye, aliyepita hapa Unguja Januari 1844 kabla ya kwenda Mombasa na kumzika huko mkewe na mtoto mchanga mwaka ule ule, alifariki Korntal, Ujerumani, Novemba 1881. Asubuhi walimkuta vile vile, amepiga magoti kitandani pake. Alikuwa ameondoka Afrika ya Mashariki miaka mingi. Kazi ya miguu ilikwisha zamani, ile ya magoti akawa nayo mpaka usiku wa mwisho.

Halafu mama, wewe umesema unatoka kusini. Unajua Masasi ilianzaje? Steere aliwapeleka watu waliokombolewa utumwani kutoka hapa hapa Unguja, 1876. Na Cecil Majaliwa, Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Kiungani hapa Unguja, alikwenda Chitangali, kusini huko huko, 1886, na 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa ukasisi. Huyo bibi yako mwenye daftari anaombea visiwa hivi hivi ambako injili ya kwao ilipandia jahazi.

#4 Fundi wa Nungwi

Mtanisamehe wapendwa, naingia kwa upande mwingine.

Nimefanya uinjilisti kaskazini Unguja kwa miaka sita kabla sijarudi kwenye ufundi bomba. Kanisa lililonituma, jina naliacha, lilinitumia "tunakuombea" mara nyingi kuliko kodi ya chumba. Mwenye nyumba hakubali "tunakuombea". Mwanangu aliumwa, nikaomba nauli ya boti tumpeleke Dar, nikajibiwa kwamba kamati ya maombi imeingia kwenye mfungo wa siku tatu kwa ajili yetu. Boti ile tuliilipiwa na jirani, mvuvi, Mwislamu, kwa fedha aliyouza jodari.

Yakobo kaandika kuhusu mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, asimpe chochote. Mimi sisemi maombi ni bure. Nasema kuna watu wameyafanya mahali pa kujificha. Mpaka leo nikilisikia hilo neno tumbo linakaza.

#5 Mama Tumaini

Kaka Fundi, pole sana. Sikupingi hata kidogo, na yule mvuvi Mungu amlipe.

Lakini acha nikwambie nilichokiona. Kanisani kwetu nilipoanza kufuatilia nani hasa anatuma kile kidogo, majina yalikuwa yale yale ya wale wanaoomba kwa kujua. Yule bibi alinipa korosho kilo mbili zilizobanguliwa, akasema, "Hizi ni za mtoto mwenye jino." Tumaini wangu alikuwa anaota meno ya mbele, na alijua. Wale wasiojua chochote kuhusu sisi ndio hawakutuma kitu, na sidhani ni ubahili. Mtu akishakuwa anaitamka njaa yako mbele za Mungu kila usiku, mkono wake utakaaje tu? Kamati yako ile ya mfungo, nahisi hawakuwa wanamwona mtoto. Walikuwa wanaliona neno "misheni".

#6 Bin Khamis, Konde

Asalaam aleykum, na kwa wenzangu Wakristo hamjambo. Mimi ni Mwislamu, Mpemba wa Konde, nimeletewa uzi huu na rafiki yangu tunayefundisha naye skuli. Nimeusoma wote. Sikuja kubishana, nina suala moja na naomba nijibiwe kwa haki.

Mara nyingi nasikia huko bara, kwenye spika na kwenye video zinazozunguka, watu wanaomba "Zanzibar ifunguke", "tunaipiga Zanzibar". Mkinipiga mimi nimewakosea nini? Mama yangu alilazwa, muuguzi Mkristo akamwomba ruhusa amwombee, mama akasema ndiyo, akamshika mkono akamwombea afya kwa sauti ya chini. Hatukuona ubaya, tulimshukuru, mama mpaka leo anamuuliza. Hiyo naielewa. Vyengine ndivyo nisivyoelewa. Mnatuombea au mnatuapiza?

Na nisiache kusema, 2012 yalipochomwa makanisa Unguja wengi wetu tulihuzunika. Yule aliyefanya vile hakututumikia sisi.

#7 Mzee wa Mbweni

Waaleykum salaam mwalimu. Mimi ni mtu mzima, nina miaka sabini na mbili, mjukuu ananiandikia hapa. Suala lako ni zito, nawe umeliuliza kwa adabu, basi na mimi sitakukwepa.

Kwanza nikwambie ukweli. Ndiyo, naomba watu wamjue Kristo, na wewe umo. Nikikuficha hilo nitakuwa nakudanganya. Wewe nawe nadhani huniombea niongozwe, na siudhiki, naona ni mapenzi. Kila mmoja wetu anamwomba Mungu ampe mwenzake kile anachokiona ni bora kabisa.

Lakini kuapiza, hapana. Hayo maneno ya kupiga na kubomoa yameingia kwetu, na tumeyazoea mpaka hatuyasikii tena. Paulo anazungumzia silaha kule Waefeso, sawa, lakini anasema wazi kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Wewe ni damu na nyama. Bi Mkubwa wa Mama Tumaini ni damu na nyama. Na ukiisoma sura ile mpaka mwisho, Paulo anachoomba aombewe ni kimoja tu: apewe maneno, afumbue kinywa bila woga. Yuko kifungoni na haombi minyororo ikatike. Kwa Wakolosai anaomba mlango wa neno ufunguliwe. Mlango, mwalimu. Mlango hubishwa hodi.

Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli wautakie amani mji wanaokaa, wauombee, kwa maana katika amani ya mji ule na wao watapata amani. Nimeishi hapa tangu kuzaliwa na sala hii ndiyo ninayoianza asubuhi. Saa yangu ni adhana ya alfajiri ya msikiti ulio nyuma ya nyumba. Muadhini akianza na mimi nashusha miguu. Nampita mke wangu taratibu, nakaa kwenye kiti cha ukili nje, naanza na mtaa: nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa muuza mkate. Wengi wao muda huo wako msikitini. Sote tuko macho mbele ya Mungu, kila mtu kwa njia yake, na mtaa umetulia.

Hapa Mbweni kuna kanisa la Mtakatifu Yohana, la 1882. Bibi Caroline Thackeray alifika 1877 kufundisha mabinti waliokombolewa utumwani, hakurudi kwao, alikaa mpaka akafa na akazikwa hapa. Marehemu bibi yangu alimwona kwa macho. Alichotusimulia hakikuwa mahubiri yake. Alitusimulia kwamba yule mama alikuwa akijua jina la kila mtoto na la mtoto wa mtoto. Mimi naamini ukiomba kwa muda mrefu mahali pamoja, majina yanakukaa.

#8 Bin Khamis, Konde

Mzee shikamoo. Nimekufahamu. Umenambia hata lile ambalo ungeweza kulificha, na kwa hilo nakuheshimu zaidi. Hiyo ya adhana nitamsomea baba.

#9 Dada wa Chukwani

Wapendwa, kabla hatujaenda mbali kuhusu kupeana habari za kuombea, kuna hatari lazima niiseme, kwa sababu mimi nilikuwemo.

Miaka michache nyuma tulikuwa na kikundi cha maombi kwenye WhatsApp, watu wa visiwani na wa bara pamoja, zaidi ya mia. Kulikuwa na kijana mmoja muuza duka, alikuwa anakuja nyumbani kwetu jioni kuuliza maswali na kusoma Biblia. Kuuliza tu. Hakuwa ameamua lolote. Mwenzetu mmoja, kwa furaha na nia njema kabisa, akaandika kikundini: jina lake, mtaa, duka, na picha aliyompiga akiwa ameinamia Biblia. "Tumwombee huyu." Watu wakajibu amina, amina, amina. Mtu mmoja akasambaza kikundi kingine. Siku ya nne ujumbe ulikuwa kwenye simu ya ami yake.

Hakupigwa, namshukuru Mungu. Ila duka lilikuwa la ami, na chumba kilikuwa cha ami. Jioni ile alikuja mlangoni kwetu na begi, hakuingia. Aliniuliza jambo moja tu: "Dada, mimi niliwaruhusu?" Akaondoka na boti ya asubuhi. Hapokei simu yangu mpaka leo.

Nimeomba sana kuhusu siku ile. Tulichobadilisha ni hiki, na naomba kila mwenye kikundi akisome. Jina la mtu haliandikwi. Picha haipigwi. Mtaa hautajwi. Tunasema "ndugu wa Jumatano" au "mama wa mitumba", na Mungu anamjua. Habari yenye jina hutolewa kwa mdomo, kwa watu wawili watatu tuliokaa pamoja, na kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwenyewe akisema hapana, basi naomba peke yangu chumbani na kinywa nakifunga. Mama Tumaini, daftari la bibi yako chini ya mto lina usalama kuliko simu zetu zote.

#10 Fundi wa Nungwi

Dada, hili limenigusa kuliko nilivyotegemea. Nilidhani wanaoumizwa na maombi ya ovyo ni sisi wainjilisti peke yetu.

#11 Kijana wa SUZA

Samahanini, swali la mwanafunzi. Kama Mungu anajua haja zote kabla hatujasema, hizi habari za nini? Si angefanya tu?

#12 Mzee wa Mbweni

Mjukuu wangu anayeandika hapa ameuliza hivyo hivyo juzi. Mathayo 9: Bwana Yesu anaona mavuno ni mengi na watenda kazi ni wachache. Shamba ni lake, na wakulima anawajua. Bado anawaambia wanafunzi wamwombe Bwana wa mavuno apeleke watu. Geuza ukurasa, sura ya 10, waliotumwa ni hao hao walioambiwa waombe. Nadhani anatuomba tuombe ili tusimame karibu naye, atupate kwa urahisi. Zaidi ya hapo mwanangu sijui, na naomba hivyo hivyo bila kujua.

#13 Mchumaji wa Chake

Naongeza la Pemba ambalo wengi hawalijui. Karibu na Chake Chake, mahali panaitwa Banani, walikuja Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, mwaka 1897, mwaka ule ule amri ya kufuta utumwa ilipotoka. Mkuu wao alikuwa Theodore Burtt. Walinunua shamba wakawaajiri waliokuwa watumwa, kwa ujira. Na kuomba kwao ni kukaa kimya. Mtu anasimama kusema kama amepewa neno, asipopewa hasemi, hata ikipita saa nzima.

Babu yangu aliwahi kuchuma karafuu huko akiwa kijana. Alikuwa Mwislamu na alikufa Mwislamu. Alituambia jambo lililomshangaza ni kuona tajiri na kibarua wamekaa benchi moja wamenyamaza, na nje karafuu zimeanikwa majamvini, na hakuna anayetoka kuzigeuza mpaka wamalize. Kwa mwenye karafuu hilo si jambo dogo, wingu likija umekula hasara. Mimi leo ni Mkristo, na nikiulizwa nani aliniombea siwezi kutaja mtu. Ila huwa nalifikiria lile benchi.

#14 Mpendwa wa Kiembesamaki

Mama Tumaini, umekuwa kimya siku tatu. Ulimpigia bibi?

#15 Mama Tumaini

Nilikuwa nasubiri nipate la kuwaletea.

Kwanza, kwa kanisa letu. Nimeandika barua ya karatasi, ukurasa mmoja, nimeomba isomwe kwa akina mama wale. Nimewashukuru kwa jasho lao. Halafu nimewaeleza siku yetu moja ilivyo: mume wangu anatoka na baiskeli saa kumi na mbili, anakutana na nani, anaogopa nini. Yeye huogopa kuulizwa jambo akajibu kwa ukali. Ndicho anachotaka aombewe, ulimi. Nimewaeleza kwamba msimu wa karafuu watoto wa jirani zetu hukatisha masomo kwenda kuchuma na kuchambua, na kwamba wengine huanguka mikarafuuni, kwa hiyo waombee matawi yawashike. Nimewaandikia habari za Bi Mkubwa na muhogo wake, bila jina lake, dada wa Chukwani nimekusikia. Nimewaomba kwa heshima wasiombe tena kisiwa kitetemeke. Sijui watanipokeaje. Mwenyekiti wao amenitumia ujumbe: "Tumeipata, tutakaa nayo Alhamisi." Hakuandika "tunawaombea", na nimefurahi.

Fundi, kwenye barua nimeweka na kodi ya nyumba, kiasi chake na tarehe yake. Niliona haya kuandika, nikakukumbuka wewe na mtoto, nikaandika.

Halafu nikampigia bibi. Mjukuu ndiye aliyepokea. Nikamwambia aandike kwenye ule mstari: "Maji yamekuja, bomba liko mtaani, mwaka jana mwezi wa pili." Nilimsikia anaandika huku anatamka. Bibi alipopewa simu hakunilaumu. Alicheka sana, kicheko cha msichana, akasema, "Kumbe nilikuwa naomba maji juu ya maji." Kisha akauliza mguu wa jirani yangu.

Mguu wa Bi Mkubwa ni kidonda cha sukari. Nilikuwa sijamwambia kamwe kwamba kuna mtu bara anaombea mguu wake, na baada ya kusoma ya dada wa Chukwani niliona siwezi kuendelea bila ruhusa. Jioni nikavuka na sahani ya vitumbua, nikakaa naye barazani. Nikamwambia yote: kwamba nilimtaja, kwa nani, kwa nini, na kwamba akisema niache nitaacha na nitamwambia bibi afute. Aliacha kusuka. Alinitazama kwa muda, moyo wangu ukawa unapiga.

Akaniuliza, "Huyo bibi yako ana umri gani?" Nikamwambia. "Naye mzima?" Nikamwambia macho, yana ukungu, hospitali wamesema ni mtoto wa jicho na anaogopa kupasuliwa. Bi Mkubwa akatikisa kichwa, akasema mama yake mzazi alipasuliwa jicho na aliona vizuri mpaka alipokufa, nimwambie asiogope. Kisha akasema mguu niuache kwenye daftari, ila na yeye apewe jina la bibi, maana hawezi kumwombea dua mtu asiyemjua jina.

Nilimpigia bibi kwanza, kumuuliza. Akasema mpe, na la baba yake mpe pia, asije akanichanganya na mwingine.

Nimempa. Hapa sitaliandika.